Kidole cha Mama Felista

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa duka letu la simu pale Mwembesongo alinikabidhi kifaa chenye kioo kinachowaka mwanga mwekundu. "Mteja anaweka kidole hapa," akasema. "Akikubaliwa, laini ni yake. Na litakalofanyika kwa laini hiyo ni lake."

"Na kama anayeitumia ni mwingine?"

"Mmeanza, watoto wa chuo."

Nimestaafu bila mvi hata moja, lakini ninyi mnaoanza kazi hii mjue tulivyoifanya. Wakulima wa mboga kutoka milimani ndio waliotutesa. Jembe na udongo vilikuwa vimewafuta mistari ya vidole, kifaa hakiwasomi. Wakajiwekea utaratibu wao: mwenye kidole kinachosomeka anawasajilia ndugu zake. Mama Felista, muuza karoti sokoni, alikuwa kidole cha ukoo mzima. Hata laini ya mjomba wake, mzee anayelima kule juu, ilikuwa kwa jina lake.

Asubuhi moja mjomba akapiga simu redioni, akasema bomba la kijiji limegeuzwa kuelekea shamba la mkubwa fulani. Wiki hiyohiyo akaingia dukani bwana mmoja, shati limepigwa pasi, akamwendea Meneja.

"Dada, namba hii ni ya nani? Na huwa anapatikana wapi?"

"Una barua?" Meneja akamuuliza.

"Barua ya nini? Tunaulizana tu kama ndugu."

"Ndugu yangu asingenificha ofisi anayotoka. Kuna sheria ya kulinda taarifa za watu. Hazitoki kwa mdomo."

Bwana akacheka. "Sheria tunaijua sisi. Nitarudi."

Alipotoka nikauliza, "Akirudi na barua?"

"Nitaisoma mpaka mhuri."

"Na ikiwa halali?"

Meneja akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi.

Niliona Mama Felista ana haki ya kujua anatafutwa. Nikamfuata sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso kama umetafuna pilipili?"

Nikamweleza. Akaweka chini fungu la karoti.

"Mjomba hajamtukana mtu. Kasema maji tu."

"Jina ni lako, mama."

"Basi liandike lake."

"Kifaa kitamkataa."

"Kifaa kitamkataa," akasema taratibu. "Na hao wanaomtafuta, watamkataa?"

Tangu hapo kila shati lililonyooka lilinishtua. Kisha Meneja akahamishiwa Dumila. Sababu hatukuambiwa. Bwana yule akarudi, mikono mitupu kama mwanzo, na Kaimu Meneja akanigeukia: "Mfungulie taarifa za namba hiyo, kijana. Dakika moja tu, usituletee darasa hapa."

Nilizima kompyuta, nikamrudishia Kaimu kifaa chake, nikaondoka. Huko ndiko kustaafu kwangu. Wapo wanaoniita shujaa, mimi sijui. Kompyuta huwashwa tena, na kiti changu hakikukaa wazi. Sheria ninayo kwenye simu, nimeisoma mara nyingi. Sijaona kifungu kinachoniambia nani alikaa pale baada yangu.

Juzi nilipanda mlimani kumsalimia mjomba. Maji bado hayajarudi. Redio ilikuwa inaongea, mtangazaji akauliza, "Watu wa milimani, mbona siku hizi kimya?"

Mzee akanyoosha kidole chake kilichofutika, akapunguza sauti ya redio.