Ndege ya Baba Niliyoimaliza Mimi

Kuna siku moja katika ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku baba aliporudi kutoka hospitali ya mkoa kule Shinyanga, akanikuta nimesimama mlangoni natabasamu, nikimngoja aone nilichomfanyia. Nitakusimulia kama ilivyokuwa, wala sitajipamba. Mtu akifika umri wangu hana tena wa kumdanganya.

Baba yangu aliitwa Masalu. Kabla sijazaliwa alikuwa askari kwenye uwanja wa ndege za kivita. Hakuwa rubani wala fundi mkubwa. Alivuta mipira ya mafuta, alitoa vizuizi kwenye magurudumu, na kabla ndege haijaruka yeye ndiye aliyefuta kioo cha rubani. Kisha akaacha jeshi ghafla, akiwa bado kijana, na hakuna aliyejua sababu. Hata mama, aliyefariki nikiwa darasa la tano, hakuijua. Tulijua tu kwamba alitoka huko akaingia kwenye dhahabu.

Dhahabu ya Geita imewapa watu nyumba na imewapa watu makaburi. Baba hakushuka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia. Kazi yake ilikuwa mwaloni, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa. Aliuchanganya na zebaki kwa mikono mitupu, kisha akaichoma ile zebaki juu ya mkaa mpaka ibaki dhahabu peke yake, na moshi wake akauvuta kwa miaka mingi. Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Sumu nayo hujaza hivyohivyo. Alipokuja kukaa kwangu hapa Nyahanga, mikono yake ilitetemeka kama majani ya mtama kwenye upepo. Kikombe cha chai kilifika mdomoni kikiwa nusu, nusu nyingine iko kifuani. Daktari alituambia akae mbali na moshi, mengine tumwachie Mungu.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi cherehani, na chumba changu cha mbele ndicho kilikuwa duka. Mikono yangu ilikuwa imetulia. Nilikuwa naweza kutunga uzi kwenye sindano huku namsimulia mteja habari za msiba. Nakwambia hili ujue nilikuwa na kiburi cha mikono yangu, kama wengine walivyo na kiburi cha sura.

Katika safari yake ya mwisho ya kutoka huko machimboni, baba alipita sokoni Buseresere, na kwenye rundo la mitumba, katikati ya nguo za watoto wa Ulaya, akakuta boksi lenye picha ya ndege ya kivita. Alikuja nalo kwapani, mfuko wa nguo akausahau kwenye gari.

"Ng'wasi," aliniambia, "hii ni ileile. Aina ileile niliyokuwa naifuta kioo."

Ndani ya boksi hakukuwa na ndege. Kulikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, vingi, vimeshikana kwenye fremu zake, kila kimoja na namba, pamoja na karatasi ya michoro inayoonyesha kipi kinaungana na kipi. Gundi yake ilikuwa imekauka zamani. Baba akaagiza thina kwa wapaka rangi wa malori kule Isaka, akakatakata vipande vya zile fremu zisizohitajika, akaviloweka humo mpaka vikalainika kama uji mzito. Hiyo ndiyo ikawa gundi yake. Aliipaka kwa njiti ya kiberiti.

Mwanangu, hujapata kuona mateso kama yale. Kuna gurudumu moja la mbele, dogo kama punje ya kunde. Siku moja alilibandika mara saba na mara saba likaanguka. Alilitafuta sakafuni kwa magoti, kati ya vipande vya vitambaa vyangu, akalipata, akalipuliza vumbi, akaanza upya. Mara ya nane likakaa, limepinda kidogo. Akaliangalia muda mrefu, akasema, "Haya. Itatua hivyohivyo."

Aliendelea hivyo miezi mitano. Kila asubuhi, akishakunywa chai, aliketi kwenye pembe ya meza yangu ya kukatia. Aliunga nusu mbili za kiwiliwili, akaziba nyufa, akapiga msasa wa maji kwenye maungio, akipitisha ukucha kusikia kama bado kuna mstari. Wateja waliingia, wakasema shikamoo mzee, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Wakitoka walicheka. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzake kama baba amerudi utotoni. Nikacheka nao. Hilo nalo likumbuke.

Jambo moja alinieleza mapema. Kwenye boksi kulikuwa na stika za kuloweka kwenye maji, zenye alama na namba za nchi nyingine. Baba alizisogeza pembeni.

"Namba nitaiandika mwenyewe, kwa brashi," alisema. "Ile ndege ilikuwa na namba yake. Siku nitakayoiandika, nitakukalisha hapa nikueleze kwa nini niliacha jeshi. Kwa sasa siwezi. Niache nifike kwanza."

Nikasema sawa, baba. Nilikuwa napima kiuno cha gauni la mtu. Sikusikia vizuri alichoniambia, au nilisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Ukafika wakati wa kwenda Shinyanga kupimwa. Aliondoka na dada yake, shangazi yangu Nyamizi, wakakaa huko siku tatu. Ndege aliiacha mezani: haijapakwa rangi, kioo cha rubani hakijawekwa, bawa moja lina alama ya kidole pale gundi ilipomchuruzika.

Asubuhi ya kwanza nilifagia duka, nikaitazama. Nikajiambia mzee wa watu anateseka, ngoja nimsaidie. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyowaambia watu. Lakini ukweli, mwanangu, ni kwamba nilikuwa nimechoka kumtazama. Ile mikono ilinichosha. Ule mlio wa kitu kidogo kuanguka sakafuni, kimya, kisha magoti yake kugusa saruji, ulinichosha. Nilitaka ndege iishe, meza yangu irudi, na watu waache kucheka. Huruma na kero huvaa kanga za doti moja, usipotazama vizuri hutajua ipi ni ipi.

Nikaing'oa ile gundi iliyochuruzika kwa wembe. Nikapiga msasa hadi alama ya kidole chake ikafutika. Gurudumu lililopinda nikalivunja, nikalibandika upya, likasimama wima. Nikanunua rangi ya fedha kwa mpaka rangi wa magari, nikaipaka tabaka tatu nyembamba, kila moja nikiiacha ikauke juani. Kioo cha rubani nilikibandika kwa tone dogo sana, kikabaki safi bila ukungu. Mwisho nikaloweka zile stika kwenye kisahani, nikazitelezesha juu ya mabawa na ubavuni, namba na alama zote, nikazikandamiza kwa pamba. Ilipendeza. Mpaka leo sijawahi kushona kitu kilichopendeza vile.

Walirudi siku ya nne, saa za mchana. Nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa cheupe. Baba aliketi, nikafunua.

Aliinama akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaizungusha kwa kuvuta kidogo kitambaa cha meza. Macho yakasimama kwenye ile namba.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, baba. Nilitaka nikufurahishe."

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Una mikono mizuri."

Kisha akaichukua mikono yake mwenyewe akaiweka chini ya mapaja, akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

Shangazi alinivuta uani. Hakuwa mwanamke wa kelele. Alisema polepole, na ndiyo maana maneno yake hayajanitoka.

"Ng'wanone," aliniita, yaani 'mwanangu' kwa Kisukuma chetu, "mwezi wa kwanza alipokuja hapa, chai alikunywaje?"

"Alimwaga."

"Na asubuhi ile tulipokuwa tunaondoka?"

Nikafikiri. Nikakumbuka kikombe kikiwa mezani, kitupu, na shati la baba likiwa kavu. Nilikuwa naishi naye nyumba moja na sikuwa nimeona.

"Alikuwa anaifundisha ile mikono," shangazi alisema. "Daktari mwenyewe ameshangaa, amesema aendelee na hiyo kazi. Njia nzima kwenye basi amenihesabia vilivyobaki: rangi, kioo, namba. Rangi, kioo, namba. Nani alikutuma?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekitandika kitanda cha mwenzangu nikangoja kusifiwa.

Usidhani nilikaa tu. Kesho yake nilifunga duka nikapanda gari hadi Buseresere kumtafuta yule muuza mitumba. Nilimpata. Akaniambia, dada yangu, robota halirudii kitu, lile boksi lilikuja mara moja tu. Nikarudi mikono mitupu. Nikachukua thina na pamba, nikaifuta ile namba ya stika taratibu mpaka ubavu ukawa mtupu. Nikaweka mbele ya baba kifuniko chenye rangi nyekundu na brashi nyembamba.

"Baba, namba nimeitoa. Andika yako."

Alinitazama, na najua alichukua ile brashi kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Akaichovya. Akashika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Brashi ilipogusa ubavu wa ndege mkono uliruka, na mstari mwekundu ukashuka kutoka pua ya ndege hadi chini ya bawa. Nikasema tufute, tujaribu tena. Akaweka brashi chini.

"Ulikuwa umeanza kunisikia huu mkono," alisema. "Sasa nikiuambia kitu unaniuliza cha nini. Kazi imeisha, mwanangu. Na wewe usilie, hukukusudia ubaya."

Nikamwambia basi anieleze tu, hata bila namba, kwa nini aliacha jeshi. Ile ndege ilirudi au haikurudi? Rubani wake alikuwa nani? Alitazama nje, malori ya Isaka yakipita.

"Nilikuwa najiandaa kukueleza," alisema. "Nilijua nikifika kwenye namba nitaweza. Sasa sijafika."

Toka siku hiyo alihamisha kiti chake kutoka mezani kwangu akakiweka mlangoni. Mtetemeko ukarudi, ukazidi. Ikafika mahali nikawa namnywesha chai kwa kijiko, na kila kijiko nilikumbuka lile shati kavu. Sisemi mimi ndiye niliyemuua. Sumu ilikuwa imo mwilini mwake tangu zamani, na shangazi aliniambia hivyo mara nyingi. Lakini alikuwa na sababu ya kuamka asubuhi, nami nikaimaliza kwa siku tatu. Mvua za masika zilipoanza alifariki, mchana, akiwa kitini. Wazee wawili kati ya waliokuja kuzika waliwahi kuwa askari, lakini si wa uwanja wake. Niliwauliza. Shangazi nilimuuliza mpaka naye akafariki. Mpaka leo sijui baba yangu aliona nini kule uwanjani, wala ni namba gani aliyoibeba miaka yote ile. Nimezaa watoto wanne, na kila mmoja aliponiuliza babu alikuwa nani, nilimpa nusu ya mtu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana nakueleza wewe ambaye mtungi wako bado umejaa.

Mwanangu, ukimwona mtu anahangaika na kazi yake, usikimbilie kumpokonya ukaita huo ni msaada. Muulize kwanza. Kaa karibu naye, mshikie taa, mwokotee kilichoanguka, umrudishie mkononi mwake. Jichunguze pia kama kweli unamhurumia au umechoka kumtazama, maana kuchoka si dhambi, lakini kuchoka kunakojiita upendo hubomoa nyumba ya mtu na mwenyewe anakushukuru. Usicheke na wanaomcheka mzazi wako. Na mtu mzima akikuambia kuna neno nitakueleza siku fulani, weka chini ulichokishika umsikilize, kwa sababu kuna maneno yanayopita kwenye njia moja tu, na njia hiyo ikizibwa hayatafuti nyingine.

Haya ndiyo niliyonayo. Mungu akupe mikono yenye kazi na macho yenye subira. Akukutanishe na wazee wako wakiwa bado wana la kusema, na wewe ukiwa na nafasi ya kusikia. Na pale utakapokosea, kwa maana utakosea, akujalie uwe umekosea mapema, wakati bado kuna wa kumwomba radhi. Nenda salama, mwanangu.