Mtaalamu aliyeogopa macho ya farasi

Jamani, leo mjomba wenu nimelala chini ya tumbo la farasi kwa sababu ya mjinga mmoja mwenye buti mpya.

Mnajua nafanya kazi kwenye shamba la Bi Joan, huku mwisho wa basi kutoka Tottenham. Ukoo wao unazalisha Apalusa, wale farasi wa madoadoa.

Leo kaja mnunuzi kumwona Duma, jike niliyemlea tangu anazaliwa. Akikosa mtu, Ijumaa anapelekwa mnadani, na kule wanaonunua ni watu wa nyama.

Mnunuzi kaja na mtaalamu wake. Mtaalamu gani, na buti zake mpya! Kamtazama Duma mara moja, karuka nyuma.

"Weupe wa macho unaonekana. Huyu mkali, atakuua."

Bi Joan akanywea.

Mimi nikacheka mpaka nikashika uzio. Farasi wengine, sawa, ukiona weupe ana hofu au hasira. Lakini Apalusa huzaliwa na macho hayo, kama mimi na wewe! Hata kuku wa Bi Joan wanajua.

"Mzee, unamkimbia kwa kuwa kakutazama?"

Nikaingia chini ya tumbo la Duma, nikalala chali kwenye tope, nikapiga miluzi. Nimewahi kumfukuza simba kwa kandambili, sembuse huyu! Duma akaendelea kula majani.

Mnunuzi akamgeukia mtaalamu. "Nenda kanisubiri kwenye gari."

Kisha akaniuliza mimi, mfagia mavi: "Huyu anapenda kula nini?"

Hapo nikajua Ijumaa Duma haendi mnadani.

Haya, wenye vyeti, njooni mnitukane hapa chini.