Chupa ya Miaka Ishirini na Mmoja

Yule aliyekuwa meneja wangu akipita mbele yangu leo, simsalimii. Natanguliza hilo ili usije ukadhani nimekaa hapa kusimulia kwa upole. Upole sina. Nimeutafuta, nimeukosa.

Nilikuwa kaimu mkuu wa baa katika hoteli moja ya Kisumu inayotazama ziwa. Kaimu! Miaka minne ya ukaimu. Kazi ya mkuu naifanya mimi, funguo za stoo ninazo mimi, mteja akilewa akaanza kulia naitwa mimi. Cheo kikitangazwa, analetwa mwanamume kutoka Nairobi asiyejua kufungua kizibo bila kukivunja. Walikuja wawili hivyo, wakaondoka, na mimi nikabaki kaimu.

Halafu ikaja habari ya whisky za Ireland. Msambazaji wa vinywaji alitaka hoteli iandae siku ya kuonja, Jumamosi mchana, wageni wa kualikwa tu, whisky aina nne. Meneja akaniita ofisini akaniambia, "Hii ni yako. Ikienda vizuri, nakuthibitisha." Nikamwamini, mjinga mimi.

Wiki tatu nzima nilijifunza. Nilikuwa napanga glasi nne ndogo kwenye kaunta asubuhi kabla ya kula chochote, maana ulimi uliokwisha kula kitunguu haufai kitu. Unanusa mdomo ukiwa wazi kidogo ili pua isiungue. Unaonja kavu, unatia tone la maji, unaonja tena. Ya kwanza ilikuwa changa, mchanganyiko, hata umri haukuandikwa kwenye chupa. Nyepesi, tamu, ikishuka imeshuka. Ya pili ilikuwa ya shayiri iliyooteshwa, miaka kumi na miwili, ina mapera na asali, na mwishoni ukavu wa mbao. Ya tatu ilipikwa kwenye mtungi wa shaba kwa shayiri iliyooteshwa na isiyooteshwa pamoja. Yawa, hiyo! Nzito, ina mafuta, inawasha kama tangawizi kando kando ya ulimi. Na ya nne ndiyo bibi arusi, miaka ishirini na mmoja ndani ya mapipa yaliyowahi kuhifadhi mvinyo. Zabibu kavu, karafuu, harufu ya mkoba wa ngozi wa zamani. Unameza, unaosha glasi, unapanga viti, bado iko mdomoni.

Pua hii sikuipata hotelini. Mama yangu alipika chang'aa, pombe kali ya kienyeji, huko Katito, Nyakach, na chang'aa hiyo ndiyo iliyonisomesha. Ile inayotiririka mwanzo, yenye sumu, aliimwaga, hata mteja aombe vipi. Na alikuwa na mwiko mmoja: hakumpa mtu kikombe kabla hajakinywea yeye mwenyewe, mbele ya macho yake. Kwetu anayekaribisha ndiye anayetangulia kuonja. Akishaonja amekuapia kwamba ni salama na kwamba ni chenyewe.

Jumamosi ile nilifika mapema kukagua chupa. Ya miaka ishirini na mmoja ilikuwa moja tu, na ilishafunguliwa mwezi uliotangulia kwa ajili ya mgeni mkubwa. Niliiacha imepungua robo. Sasa ilikuwa imejaa hadi shingoni. Chupa haijijazi! Nikamimina tone, nikanusa. Ilikuwa ile changa, ya kwanza, isiyo na umri, na chini yake harufu ninayoijua tangu niko mtoto. Chai. Mtu alikuwa ameongeza chai ya rangi ili ifanane.

Nilimfuata meneja ofisini na chupa mkononi.

"Punguza sauti," akasema. "Tulikuwa na marafiki, tukaimaliza. Sasa nifanye nini? Nifute shughuli?"

"Tuwaambie haipo. Tuonje tatu."

"Watu wamekuja kwa ajili ya hiyo!" Akacheka, mtu mzima ovyo. "Kwani hawa watajua nini? Hawa wamezoea ile kitu ya kina mama yako."

Ningemzaba kofi. Naapa ningemzaba, na mpaka leo kiganja kinaniwasha. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wala hakungoja sifa, na hakuwahi kugema kitu maishani mwake. Na bado alithubutu kumtaja mama yangu, ambaye hakuwahi kumtilia mtu hata tone la uongo.

"Unakitaka cheo hukitaki?" akaniuliza. "Leo ndiyo siku."

Nikatoka. Nikaiweka chupa mezani pamoja na zile nyingine.

Wageni walikaa bustanini, madaktari, makandarasi, wakili mmoja aliyeongea kuliko wote na kunusa kuliko wote bila kupatia hata mara moja. Katika meza ya mbele alikaa mama mmoja mnene wa gauni la kitenge, mfanyabiashara wa samaki kutoka Luanda Kotieno. Aliniambia hajawahi kuonja whisky, amekuja kwa sababu hoteli hununua samaki kwake na kadi ya mwaliko ilikuwa nzuri. Nilimpenda papo hapo. Aliposikia kwetu ni Nyakach akaanza kuniita nyar Nyakach, binti wa Nyakach, kwa sauti ya kusikika bustani nzima.

Na ulimi aliokuwa nao! Wakili alipokuwa akisema ya pili ina "uzito wa moshi", uongo mtupu, mama alisema taratibu, "Hii ina pera. Lile pera jekundu ndani." Nikashtuka. Ya tatu akaizungusha mdomoni, akafumba macho. "Hii imeshika ulimi kama mchuzi wa samaki mbuta. Tena ina tangawizi." Wageni wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimeyaandika kwenye daftari langu peke yangu asubuhi moja. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kumwambia meneja, sikia, ndio hawa uliosema hawajui kitu.

Ikafika ya nne. Nikamimina. Meneja akaja akasimama karibu, mikono nyuma. Wageni wakainua glasi, lakini mama akainua kiganja.

"Ngojeni. Hii si ya heshima? Umri wake unazidi wa kitinda mimba wangu. Basi nyar Nyakach aanze. Kwetu mgeni hatangulii."

Wote wakageuka kunitazama. Wakili akasema, "Ni kweli, mila ni mila." Nilikuwa na njia mbili tu, na usiniambie zilikuwa tatu. Kusema, au kunywa.

Nikanywa. Chai na spiriti. Nikaishikilia mdomoni muda mrefu kuliko ilivyostahili, nikimtazama meneja, naye akinitazama, na akainamisha kichwa kidogo tu kuniambia endelea.

"Ni yenyewe," nikasema.

Wakanywa. Wakili akaona zabibu, akaona karafuu, akaona mpaka Ireland kwenyewe. Mama alionja mara moja, akakunja uso, akaonja tena. Akaiweka glasi mezani polepole, akaisukuma kando. Meneja akapiga makofi akatangaza mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo hoteli ina mkuu wa baa, na ni mimi. Wakanishangilia. Nikatabasamu! Meno yote nje, kama mtu aliyebarikiwa.

Walipoanza kuondoka, mama alinifuata hadi kwenye kaunta. Aliongea kwa sauti ya chini, yeye ambaye mchana kutwa alikuwa ameongea kwa nguvu.

"Hongera, mwanangu. Lakini nina aibu. Zile nyingine nilidhani nimezielewa, kumbe nilikuwa nabahatisha. Hii kubwa yao mimi nilisikia chai. Chai tu! Nikaogopa kusema, wewe ulikuwa umeshaonja." Akacheka kidogo, akajifuta midomo kwa leso. "Ulimi wangu ni wa samaki huu. Nisamehe nimekaa mbele na sijui kitu."

Meneja alikuwa ameshaenda kuwasindikiza wageni. Hapakuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa yeye.

"Utazoea, mama," nikamwambia.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.