Redio Ilisema Anashinda

Mtangazaji mwenyewe simtaji jina. Si kwa heshima. Jina lake analitaja mwenyewe redioni kila akivuta pumzi, halihitaji msaada wangu. Nitasema tu kwamba nikiisikia sauti yake hadi leo, dukani au kwa jirani, nainuka na kutoka. Ni kichefuchefu cha kweli, cha tumboni, kama cha mtu aliyekula mawese yaliyochacha.

Wanaompenda ni wengi hapa Butembo. Wananiambia ana sauti nzuri. Sikatai, anayo. Mbuzi naye ana ndevu.

Kwetu redio haikuwa kitu cha kupitishia muda. Baba alikuwa bondia ujanani mwake, kisha akawa mwalimu wa ngumi, na ulingo wake ulikuwa ua wa nyumba yetu kule Rughenda. Gunia la mchanga lilining'inia kwenye boriti ya ghala tulimohifadhi viazi vilivyoshuka kutoka Kipese. Baadaye sukari ikamla macho, polepole, jicho moja kisha la pili. Hakuacha kufundisha. Alikaa kwenye kigoda karibu na gunia, akamsikiliza mdogo wangu akipiga, akasema mkono wa kuume umechelewa, mguu wa nyuma umelala. Mdogo wangu alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho. Mchana aliendesha moto, pikipiki yake, akibeba abiria kati ya soko na uwanja wa ndege, jioni alikuwa wa Baba.

Lakini mapambano ya watu wengine Baba aliyafuata kwa redio tu, na redio ile niliitunza mimi. Betri zikichoka nazianika juani juu ya bati, zikipata nguvu kidogo nazirudisha. Ndege ndogo zikipita kichwani petu wakati wa raundi, Baba alizitukana kwa Kinande, na ni matusi nisiyoweza kuyaandika hapa.

Kwa sababu hiyo najua vizuri mtangazaji wa ngumi ni nani. Tulikuwa naye mmoja, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye sasa ameshaacha kazi na amerudi kulima kwao Luofu. Sauti yake haikuwa tamu hata kidogo. Ila alikuambia mkono gani, umetua wapi, na aliyepigwa amefanya nini na miguu yake. Akiona mtu anaanza kupumua kwa mdomo, alisema. Akiona damu, alisema inatoka wapi. Halafu kulikuwa na dakika ambazo hakusema kitu kabisa, ukasikia tu gants, zile glovu, zinapiga ngozi, na Baba akiwa kwenye kiti chake anatikisa mabega kulia na kushoto kama yuko ndani. Mzee yule alipokosea, alirudi nyuma, "Hapana, nimesema bongo, si kweli, ni ule wa kaptula nyekundu ndiye amepigwa," na akaendelea. Baba alisema mtu anayeweza kujirekebisha mbele ya mji mzima anaweza kuaminiwa na kipofu.

Alipoondoka, wakamleta huyu.

Huyu alikuja na kitu cha wanamuziki, mabanga. Mnazijua nyimbo zetu: mwimbaji yuko katikati ya kulia mapenzi, ghafla anataja jina la tajiri fulani, bosi wa mabati, mama wa vitenge, kwa sababu tajiri huyo amemtunza. Katika muziki tumezoea, tunacheza tu. Yeye akaleta mabanga kwenye ngumi. Mtu anapigwa ubavuni, yeye anamsalimia mwenye depo ya simenti. Mtu ameanguka kwa goti, yeye anamwombea heri ya ndoa mheshimiwa fulani na mke wake wa thamani. Akirudi ulingoni, raundi imeisha, na kwa kuwa hakuona kitu anatunga. Anasema "extraordinaire", anasema "chirurgie", yaani upasuaji, anasema bondia wetu ni machine. Bondia wetu, sikiliza hilo neno. Kwake wa Butembo hajawahi kupigwa na mtu. Akianguka, ameteleza tu.

Nilimwambia Baba mapema kwamba mtu yule ananitia kinyaa. Baba alicheka, akasema ni kijana, ataacha. Hakuwa na redio nyingine ya kusikiliza ngumi, hiyo ndiyo kweli yenyewe. Mtu asiyeona hachagui sana anayemwonyesha.

Ndipo mdogo wangu akapata pambano la Beni, Jumapili mchana, na kijana wa huko aliyekuwa akisifiwa sana. Nilipiga rozari kwa ajili ya barabara. Kwa ajili ya ulingo sikupiga, nilidhani barabara, yenye watu wa bunduki, ndiyo ya kuogopwa. Mdogo wangu alikwenda na baba mdogo, ndugu yake Baba anayemfuata kuzaliwa, ambaye angekaa kwenye kona yake, kumpa maji, na kushika taulo. Taulo ndiyo ya muhimu. Kona ikiitupa ulingoni, pambano limekwisha, mtoto anarudi nyumbani na uso wake.

Lakini baba mdogo ni mtu wa kwetu kabisa. Mbele ya mkubwa wake hakati shauri. Hata kuuza mbuzi wake mwenyewe anakuja kwanza kumuuliza Baba, na Baba hajui hata rangi ya mbuzi. Tena aliwahi kumtupia mdogo wangu taulo mapema, kwenye pambano la hapa mjini, na Baba akamcheka kwa hilo mbele ya wageni. Basi wakakubaliana, na wote tulisikia: simu itakaa kwenye mfuko wa shati, kati ya raundi atapiga, na kama ni kuacha, neno litatoka kwa Baba. Kwa hiyo aliyekuwa na taulo alikuwa Beni na anaona, na aliyekuwa na ruhusa alikuwa Rughenda na haoni. Katikati yao alikaa mtangazaji.

Tulifungua redio tukiwa tumetoka misa. Raundi ya kwanza ilikwenda yote kwa mabanga. Ya pili, mdogo wangu alikuwa "simba ya Butembo". Nyuma ya sauti ile nilisikia watu wa Beni wakipiga kelele za furaha, kelele kubwa, na nikamuuliza Baba kwa nini wanafurahi hivyo kama ni mtu wao anayepigwa. Aliniambia ninyamaze, anasikiliza.

Ya tatu. Haya nayakumbuka vizuri, maana Jumatano yake redio ilirudia kipindi kizima kwa maombi ya wasikilizaji, ndiyo, walikirudia, na nilikaa nikakisikiliza tena huku nimeyauma meno. Alisema, "Ule wa Beni iko kwa kamba, hapana jua njia ya kutoka." Kisha akamsalimia mwenye duka la vipuri. Kisha akasema jasho linamtiririka mtoto wetu usoni kwa sababu ya joto la Beni.

Simu ikalia. Baba aliiweka sauti ya nje, kama kawaida yake.

"Yaya," alisema baba mdogo, ndivyo anavyomwita kaka yake, "mutoto anachoka. Jicho inavimba. Nitupe taulo?"

"Anachoka namna gani? Radio inasema ule mwingine ndiye iko kwa kamba."

 Nyuma ya baba mdogo ilisikika sauti ya mtangazaji yule yule, inapita mara mbili, kwa simu na kwa redio yetu.

"Mimi niko naona jicho, yaya."

"Weye toka zamani uko na woga. Muache mutoto apigane."

"Sawa, yaya," alisema baba mdogo, na akakata.

Baba si mtu mkatili. Nataka hilo lieleweke. Alifanya alichofanya siku zote, aliamini aliyekuwa na maikrofoni. Walipigana hadi raundi ya sita, na mwishoni mtangazaji alisema majaji wa Beni wametuibia.

Mdogo wangu alirudi siku ya pili, amekaa nyuma ya moto ya mwenzake. Sikumjua. Sitaki kuueleza uso ule, niliueleza mara moja kwa daktari na ilitosha. Kamba ilikuwa upande wa mdogo wangu, si wa yule wa Beni. Lile jasho la joto lilikuwa damu. Hospitalini walimtazama jicho la kushoto kwa taa, wakatuambia limechanika ndani na halitaona tena. Baba mdogo alikaa kwenye benchi la korido, taulo bado iko ndani ya mfuko wake wa plastiki, akilia bila kujificha.

Mdogo wangu aliniomba kitu kimoja tu. "Papa asiambiwe. Atasema ni yeye." Tukamwambia Baba ni uvimbe, utashuka. Mdogo wangu akaacha kuendesha moto, tukasema injini imeharibika.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Kisha, mchana mmoja, mtangazaji akaja kwetu.

Alikuja amevaa koti, na kinasa sauti mkononi, na manukato yaliyojaza sebule. Wasikilizaji wamependa sana kile kipindi, alisema. Wanataka kusikia shujaa, na papa ya shujaa. Aliketi kwenye kiti cha wageni, mdogo wangu akiwa mbele yake, karibu kuliko alivyokaa Beni. Nilimtazama akiliona lile jicho. Aliliona. Akakunja mguu juu ya mguu na kumuuliza Baba kama anaweza kuanza na neno la shukrani kwa wafadhili. Niliona haya kuwa na kikombe cha chai mkononi kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, nikakirudisha jikoni.

Niliporudi, Baba alikuwa amenyoosha mkono wake, amekifunika kile kinasa sauti.

"Mbele niseme, unitangazie kwanza," alisema. "Mutoto wangu iko mbele yako. Mimi hapana ona. Sema uso yake."

Mtangazaji alicheka. Akapandisha ile sauti. "Papa, uso iko muzuri! Uso ya champion! Kidogo tu kuvimba, mais jicho inang'aa, inaniangalia mimi hapa."

"Ya kushoto?"

"Zote mbili, papa. Donc, bila wasiwasi."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka kumshika mtu yule kwa koti lake na kumtupa nje, na ningefanya hivyo kama Baba asingeendelea kusema, taratibu, kama anavyosema na mwanafunzi mbele ya gunia.

"Kila asubui anagonga mulango na bega ya kushoto. Nasikiaka. Akimimina chai, inaangukaka pembeni ya kikombe, nasikia inapiga meza. Moto yake haijaharibika, jirani anaiendeshaka, najua sauti yake. Hapa ndani bananificha, na najua juu ya nini bananificha. Weye hauna sababu. Anza tena."

Sikujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Wiki zote zile tulikuwa tukitembea kwa vidole ndani ya nyumba ya mtu aliyekuwa anatuhesabia hatua.

"Papa..."

"Anza tena. Jicho ya kushoto."

Mtangazaji alishusha mguu. Alimtazama mdogo wangu, safari hii alimtazama kweli, akampitishia mkono mbele ya uso, upande wa kushoto, mara moja na tena. Na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya mtu wa kawaida tu, sikuwahi kuisikia.

"Jicho ya kushoto iko wazi," alisema. "Mais hapana fuata mukono yangu. Chini yake kuko kovu, imeshonwa, inafika kwa pua. Ya kuume inaona. Ya kushoto hapana ona, papa."

Baba alitikisa kichwa polepole. Mkono wake ulitafuta goti la mdogo wangu, ukalipata, ukakaa hapo.

"Na raundi ya tatu," aliuliza, "ulikuwa unaona hivi, vizuri hivi?"

"Ndiyo, papa. Nilikuwa karibu."

"Sasa siku ile nani alikukataza kusema?"

Mtu yule alinigeukia mimi, kana kwamba jibu ninalo mimi. Nilikwenda kumfungulia mlango.