Sauti Isiyosema "Nti"

Mjomba wangu alikuwaga hasemi "mti". Anasema "nti". Ni Mmakonde wa Newala, amechonga vinyago Mwenge tangu mie sijazaliwa, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha kinyago kwa sababu ya hiyo "nti".

Madaktari walipomwambia koo litapasuliwa na sauti haitarudi, aliniita. "Wee si mjuaji wa makompyuta? Nirekodi kabla." Pole hakuzitaka. Alitaka watu waendelee kujifunza kuchonga kwake, hata akiwa bubu.

Mie kompyuta nimejifundisha mwenyewe, hakuna chuo. Nikamrekodi barazani kwetu Gongo la Mboto, masomo aliyowahi kuyafundisha nikayaweka mtandaoni. Watu wanafungua, dakika mbili, hao wanasepa. Nikaingiza akili mnemba: maswali katikati ya somo, na maandishi yanayojiandika yenyewe chini ya video. Balaa likaanzia hapo. Mjomba anasema, "Nti ukikataa, usiulazimishe." Maandishi yanaandika, "Nchi ikikataa, usiilazimishe."

Mwanafunzi mmoja akakomenti, "Huyu fundi anachonga au anagombea ubunge?" Nilimtukana mpaka mtandao ukanifungia kukomenti kwenye kozi yangu mwenyewe. Mjomba alicheka hadi kikohozi kikamkamata. "Waache bwana. Kwani wamekosea?"

Akapasuliwa. Akarudi nyumbani na kitambaa shingoni, neno hana.

Masomo mengine yalikuwa yamebaki, hayajarekodiwa. Nikachukua rekodi zake nikailisha programu inayotengeneza sauti ya mtu. Ikatoka ya kwake kweli, nzito vilevile, ila imenyooka kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Haikohoi. Inasema "mti". Nikajaribu kuiandikia "nti", ikasoma "enti". Nikaipandisha hivyohivyo kwenye masomo yote nione, na wanafunzi wakaanza kumaliza masomo.

Siku moja nikakaa na mjomba na mkewe, nikawasikilizisha zote mbili, ya zamani na mpya. Anti akasikiliza mpya, akanigeukia. "Huyu mwanaume nani?"

Nikapandwa na hasira. "Mjomba, mie naifuta hii. Tunarudisha sauti yako na kikohozi chako. Asiyetaka aende zake huko!"

Mjomba akachukua simu yangu, akaandika polepole kwa kidole kimoja: "Acha hiyo mpya. Wanaelewa."

"Lakini sio wewe!"

Akaandika tena: "Najua."

Nikatoka nje nikaipiga teke ndoo ya watu, maji yote chini. Halafu nikarudi ndani nikafanya alichosema, kwa sababu kozi ni yake. Kila wiki wanaingia wapya, wanamsifu fundi kwa sauti yake nzuri. Namsomea, anatikisa kichwa, anaendelea kupiga msasa.

Anti aliniomba ile ya zamani nimtumie kwenye simu yake. Anaifunguliaga akiwa anapika, kikohozi na vyote. Ikianza tu, mjomba anaweka kazi chini, anatoka kuikimbia, anasimama uani mpaka iishe.