Koko Juu ya Matela

Ule anafikiri natunga, aende Butembo aulize. Mimi niko muchuuzi wa samaki ya kukausha, ile ya Kyavinyonge, ku ziwa, na batu bananibishia kila siku: samaki ni ndogo, samaki ni ya zamani. Nacheka tu. Mais mutu akinibishia hii mambo, hapo nakasirika vraiment. Ilitokea muchana kweupe, na macho yangu mawili ilikuwa wazi. Sikukunywa kitu. Hata chai ya ile asubui niliisahau mu termos. Donc sikiliza kwanza, kisha utacheka kama ungali na hamu ya kucheka.

Tulikuwa tunakaa Beni, mu komini ya Beu, mu nyumba ya kupanga, mimi na mutoto wangu mumoja, Masika, wa miaka sita. Bwana yangu alikuwa ametangulia Butembo kutujengea nyumba. Na Masika alikuwa haongei. Sikia vizuri: hakuzaliwa bubu. Alitangulia batoto bote ba rika yake kuongea, mpaka nilikuwa namuambia, "We mutoto, funga kinywa kidogo, mama apumuzike." Kisha vita ikakuja, tukakimbia shamba yetu usiku. Mutu wa Beni anajua ile makimbizi, sina haja ya kueleza. Tulifika mu muji bazima sisi bote, mais sauti ya Masika ikabakia kule. Ku hospitali balisema masikio ni mazima, ulimi ni muzima, mungojee. Bamama ba shirika ya kanisa bakakuja kumuombea mpaka bakachoka. Mimi usiku nilikuwa namuinamia pale analala, namuambia, "Ongea, mama. Hata unitukane. Sitakasirika." Hakuna. Unajua vile inauma, nyumba yenye mutoto lakini hakuna kelele? Nilikuwa naangusha sufuria kwa kusudi, ili tu kitu ilie.

Nyuma ya ile nyumba, pembeni ya migomba, kulikuwa kaburi moja ya zamani. Mwenye nyumba alinunua parcelle, kile kiwanja, na kaburi ndani, hata yeye hakujua ni ya nani. Musalaba ya mbao, majina ilifutwa na mvua. Masika alipenda kukaa pale. Mwanzo nilimukataza, nikamuvuta mukono. Kisha nikaona ni fasi moja tu roho yake inatulia, nikamuacha. Na sababu yeye anakaa pale, kila asubui nikifagia kiwanja, nafagia na pale. Utaacha uchafu fasi mutoto wako anakaa? Sikufikiri kitu ingine.

Basi Baba Masika akatuma habari: tole ya bati iko juu, mulango inafunga, mukuje. Kartie yenyewe, ile mutaa, ilikuwa mupya, juu ya mulima, inje kidogo ya Butembo. Juzi juzi ilikuwa mashamba. Sasa batu banajenga kila siku, na jina nzuri haijapata bado, banaita tu Kule Juu. Dada yangu akaniambia, kwa kuhama utafute batu ba gari kubwa, ba kampuni yenye bureau. Nikasema hapana. Nataka bavulana ba hapa hapa, bale banangojea kupakiza pembeni ya soko, bale naona kila siku. Bakivunja chungu yangu, najua nyumba ya mama yao. Mukubwa wao alikuwa Kambale, kijana wa mabega mapana, kila neno kwake ni kicheko. Mimi sina tabia ya kusifu batu, mais ile kazi balifanya vizuri. Kabati bakafunga na kamba, masufuria bakapanga mu beseni, na matela, ile godoro ya kulalia, bakaweka juu ya vyote.

Vile nilitoka ndani namushika Masika mukono, nikaona koko mumoja, nyanya wa kizee, amekaa juu ya ile matela. Koko muzee kabisa, mudogo, amejifunika kitenge ya ndege za manjano kichwani mpaka mabegani, mikono juu ya magoti. Nikafikiri: ah, hawa bavulana! Bametia koko wao mu gari yangu aende Butembo bila kuniuliza! Maneno ilijaa mu kinywa yangu. Mais niambie, mutu muzee namna ile, utamuambia "shuka"? Utamuuliza "wewe ni wa nani"? Kwetu ile ni matusi. Nikameza maneno, nikamusalimia na Kinande, luga yetu, "Wavukire, koko." Akainamisha kichwa, akacheka kidogo. Kisha akasogea, akapigapiga matela pembeni yake, fasi ya mutoto.

Na Masika, ule mwenye kujificha nyuma ya kikwembe yangu hata akiona baba yake mudogo, akaachilia mukono yangu akaenda. Kambale akamuinua, akamukalisha pale. Mimi nilitaka akae na mimi mbele, mu kabini, lakini tangu makimbizi Masika anaogopa mulango ya kufungwa, angelia bila sauti njia yote. Nikamuambia Kambale, "Umuchunge vizuri, unasikia?"

"Hapana wasiwasi, mama," akajibu. "Si iko na koko?"

Ile jibu iliingia sikio moja ikatokea ingine. Nilipanda mbele, tukaenda. Moteur inanguruma, shofere ameweka muziki, sikusikia kitu ya nyuma. Mu kioo ya pembeni nilikuwa naona tu ncha ya ile kitenge inapepea, ndege za manjano. Sijui juu ya nini, ile kuona ilinituliza. Nikasinzia.

Butembo, wewe unajua: milima na udongo mwekundu. Mvua ilikuwa imenyesha, na kamio, ile gari ya mizigo, ikafika chini ya mulima wetu ikasimama. Shofere akasema, "Mama, mimi siingii pale. Nikiingia, mutakuja kunizika." Tukaita chukudu. Kambale na benzake bakaanza kuhamisha vitu ku zile mbao zenye magurudumu mbili, na chukudu ya kwanza, unajua balipakiza nini? Matela, na juu ya matela, koko na Masika. Hapo uvumilivu yangu ikaisha. Wingu ilikuwa inakuja tena nyeusi, kabati yangu ingali chini mu matope, na fasi ya kabati imekaliwa na mutu siye wangu!

"Kambale!" nikapiga kelele. "Koko ashuke, atembee pole pole! Kabati yangu italala hapa?"

Koko alisikia. Akageuka akaniangalia, na nasema ukweli, hakukasirika. Aliniangalia kama mutu aliyezoea kuambiwa angoje. Akaweka mikono ku magoti, anajitayarisha kushuka. Na Masika akakamata ile kitenge na mikono mbili, akaniangalia. Mutoto wangu hakuniangalia vile tangu siku tulikimbia. Alikuwa ananiomba.

Kambale akasema, "Ayi, mama! Koko huyu apande ile mulima kwa mguu? Hana hata kilo. Acha, nitasukuma mimi."

"Basi asukumwe!" nikasema. "Asukumwe, twende!"

Sasa uniambie kama hii ni ya kawaida. Chukudu ya kabati ilisukumwa na banaume batatu, banateleza, banalaani. Ile ya koko, Kambale alikuwa anasukuma yeye peke yake, katikati ya matope, na alikuwa anaimba. Balituacha mbali. Nilibaona banapinda kona kule juu, kisha sikubaona tena mpaka ku nyumba.

Tukafika. Baba Masika akatupokea, tukashusha vitu, bavulana bakakaa kukula. Nilikuwa nimepika maharagi na bukari, ugali yetu, haraka haraka, na nikatenga sahani moja pembeni, yenye maharagi ya kulainika. Nikauliza, "Kambale, koko wako iko wapi? Mumuite akule, kisha mumurudishe kwenu mbele mvua inyeshe."

Kambale akaacha kutafuna. "Koko wangu? Mama, koko si wenu?"

"Wetu namna gani? Mama yangu alikufa mimi ningali musichana. Si ninyi mulimupandisha?"

"Hapana, mama. Sisi tulimukuta juu ya matela. Tukasema ni mama ya mama." Akaangalia benzake, bote banatikisa kichwa. "Na vile mutoto alikuwa anamuongelesha! Kutoka Beni mpaka hapa, hapana kunyamaza. Mara migomba, mara mbuzi, mara mama anapiga kelele sana. Tulicheka mpaka tumbo inauma."

Baba Masika akasimama pole pole. Mimi nikasema, "Mutoto gani?"

"Mutoto wenu, mama. Si huyu mudogo? Ule anaongea mingi."

Balijua wapi, bale bavulana? Hakuna mutu aliyebaambia kama Masika haongei. Kwao ilikuwa tu mutoto na koko wake.

Nikakimbia inje. Nilikuwa naita, "Masika! Masika!", napiga kelele kama mutu anaibiwa. Nyuma ya nyumba, ku mwisho ya parcelle, kulikuwa kipande ya shamba ya zamani bado haijalimwa, viazi tamu imeota yenyewe mu majani. Masika alikuwa amechuchumaa pale, peke yake, mukono moja juu ya udongo. Aliniona nakuja mbio. Akatia kidole ku midomo.

"Mama," akasema, "hapana piga kelele. Koko amefika kwake. Amelala."

Ile sauti! Ilikuwa imekuwa nzito kidogo, kama mulango ya nyumba iliyofungwa siku mingi. Nikaanguka pale mu viazi, nikamukumbatia, nikalia na kinywa imezibwa ku bega yake, sababu aliniambia nisipige kelele. Baba Masika akatukuta pale, na yeye akakaa chini na viatu yake ya kazi. Masika akatueleza na nini na nini. Tulimuacha aongee mpaka giza. Bukari ilipoa.

Kesho yake jirani wa kwanza, Mama Kavugho, mwenye kukaa pale tangu ikiwa mashamba, akatuletea moto na mafungu ya sombe, majani ya muhogo, kutukaribisha. Nikamueleza. Nilipofika ku kitenge ya ndege za manjano, akakaa chini pale alikuwa anasimama.

"Ile kitenge," akasema, "mimi ndiyo nilimupa."

Ile yote, akasema, ilikuwa shamba ya koko mumoja. Aliishi pale peke yake, na batoto ba batu balikuwa banajaa kwake kutwa nzima, anabachomea viazi. Alipougua, binti yake akamupeleka Beni, kule Beu. Akafia pale, mu siku ambazo njia ilikuwa imefungwa, hakuna gari inapita. Bakamuzika pale pale, nyuma ya nyumba balikuwa banakaa. Binti naye akahama, shamba ikakatwa parcelle. "Mpaka mwisho alikuwa anaomba neno moja tu," Mama Kavugho akasema. "Munirudishe kwangu, juu."

Nani angemurudisha? Hakuna mutu wa kwake aliyebakia. Akangojea batu banahama kuja huku.

Padri alikuja kubariki ile fasi. Kambale, safari yake ingine, akaomba ruhusa ya mwenye nyumba, akatuletea ile musalaba ya mbao kutoka Beni. Aliifunga juu ya muzigo na kamba nzuri kuliko alifunga kabati yangu. Iko pale, katikati ya viazi. Hatukujenga choo upande ule, hatukujenga kitu. Mimi nafagia. Kambale naye, sasa mbele gari itoke, anauliza mwenye vitu, "Mama, bote hapa juu ni ba kwenu?" Batu banamucheka. Mimi simucheki.

Na Masika anaongea. Mwalimu analalamika, jirani analalamika. Wakati ingine anatoa Kinande ya bazee, maneno mimi mwenyewe sijui, naenda kumuuliza Mama Kavugho, na yeye anafuta machozi kwanza, kisha ananijibu. Wakati ingine nasikia anacheka kule nyuma jioni, na napeleka vikombe mbili bila kuuliza. Naogopa? Kidogo, ndiyo. Niko mutu.

Donc wewe unayetaka kuhama, chukua bavulana ba kwenu, na mbele moteur iwake, uangalie vizuri juu ya muzigo. Ukikuta koko ametulia pale na hakuna anayemujua, musalimie, mupe fasi nzuri, na kabati ingoje. Mimi nilimuambia ashuke. Alikuwa amekwisha kuweka mikono ku magoti. Kila wakati namuita Masika na anajibu "Ndiyo, mama, nakuja," naona ile mikono.