Gunzi Nililolisahau Kwenye Ndege

Mcheke tu, ila mnibakizie kidogo, maana aibu yenyewe iko mwishoni. Mimi naosha pikipiki hapa Dongobesh, na muosha pikipiki yeyote anajua kwanza unaziba bomba la moshi na gunzi la mahindi maji yasiingie, ndipo unamwaga ndoo. Sasa kuna siku kandege kalileta dawa kwenye kiwanja chetu cha nyasi, rubani ni mama mtu mzima, nikampa shikamoo safi nikaomba nikaoshe, akakubali, akasema nikimaliza atanizungusha mpaka mlima Hanang turudi. (Hapo nikaita kijiwe kizima waje kunishuhudia, na mama yangu mzazi pia.)

Nikaosha kweli. Chini ya bawa nikakuta kamrija kanatazama mbele, nikaona haka kataingia maji, nikachonga kipande cha gunzi nikakasokomeza. Kutoa sasa? Nani akumbuke, nilikuwa nachana nywele. Na yule mama alikuwa ameshakagua ndege yake kabla hajanipa ndoo.

Basi tukapanda, ndege ikakimbia, mbele karibu na korongo la mwisho wa kiwanja ndipo akaona mshale wa mwendo umelala kwenye sifuri, kusimama haiwezekani tena, akapaa hivyo hivyo. Huko juu mshale ukaamka, tukipanda nao unapanda, unasema tunakimbia kupita kiasi. Nikamwambia (mimi, wa darasa la saba, namfundisha rubani) mama, punguza.

"Nikiusikiliza mshale huu mwongo nikapunguza, tunaanguka," akasema taratibu. Akaacha kabisa kuutazama, akaweka nguvu ya injini pale anapoiwekaga siku zote, pua ya ndege akaishika usawa ule ule. Halafu akaniuliza, "Kijana, chini ya bawa uligusa nini?"

Nikasema sijagusa kitu. Akaanza kugeuza ndege turudi, na mimi nikaliona lile korongo kwa juu, jamani, nikatapika maneno yote: gunzi, kamrija, nikaanza na sala, nikaungama hata jogoo wa mama yangu niliyemla na wenzangu nikasingizia kicheche.

Mama yule akatushusha kwa mwendo wa ziada kidogo, ili tusianguke, akafunga breki mpaka tukasimama pembeni ya korongo. Akalichomoa gunzi akaniwekea kiganjani. "Kamrija haka ndiko kanakopokea upepo wa kuupimia mshale mwendo. Na mimi nilitakiwa nikague tena," akasema, akaenda kumpigia fundi wake.

Nikadhani yameisha. Kumbe kabla hatujapaa nilipigia kijiwe simu niwatambie nikiwa hewani, nikasahau kukata, wao wakaweka spika, na mama yangu mzazi amesimama katikati yao. Hakuniuliza kama nimeumia.

"Kwa hiyo kicheche ni wewe," akasema.

Siku hizi gunzi nalifunga kitambaa chekundu kirefu, namkabidhi mwenye pikipiki mkononi kabla hajawasha, na kitu nisichokijua kazi yake sikigusi hata kikinibembeleza. Ila mama bado haniamini. Jogoo mpya analala chumbani kwake, na mlango anaufunga kwa ndani.